Mlango Uliotangulia Nyumba

"Mlango ule ni wangu, bawaba zake ni zangu, hata ile misumari miwili iliyopinda ni yangu, maana niliipinda mwenyewe," alikuwa akisema Mama Pasi, mkono mmoja kiunoni. "Niende kupeleka nguo za watu, nirudi nikute chumba kimeachama kama pango? Umeona wapi mambo hayo wewe?"

Aliyekuwa akiulizwa ni mtoto wa marehemu mwenye nyumba, kijana wa miaka thelathini hivi, amesimama katikati ya uwanja akizungusha funguo kidoleni. Nyuma yake milango minne ilikuwa imeegemezwa ukutani, imepangwa kama wanafunzi waliochelewa. Mama yake alipofariki nyumba ilimwangukia yeye, naye hakuitaka kama ilivyokuwa. Alitaka vyumba vile vinne viwe vya wageni wanaolipa kwa usiku, kwa sababu mgeni wa usiku mmoja analipa kuliko mpangaji wa wiki nzima. Aliwaambia wapangaji watoke, wakasema watatafuta, wakatafuta wasipate. Ndipo akapata ile akili ya kung'oa milango. Hakumpiga mtu, hakutupa chombo cha mtu nje. Lakini ukimwachia mpangaji chumba chake chote ukachukua mlango peke yake, umemwachia nini? Umemwachia kona ya njia.

Kwenye nafasi ya mlango wa chumba cha tatu alikuwa amekaa mama mkwe wa Mama Pasi, bibi mwembamba mwenye macho makali, juu ya kigoda, ameijaza nafasi yote kwa magoti na viwiko. Majirani walipomuuliza anafanya nini pale, alisema leo yeye ndiye mlango, na anayetaka kupita abishe hodi kwa adabu.

Kijana alisema chochote kilichopigiliwa kwenye nyumba ni cha mwenye nyumba. Mama Pasi akamweleza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba mlango ule aliununua marehemu mumewe siku zahanati ya zamani ilipobomolewa. Mbao ngumu, nzito, mpana wa kupitisha machela, na maandishi meusi bado yanasomeka: CHUMBA CHA SINDANO. Mumewe alipanua tundu la ukuta kwa mikono yake ili uingie, kwa kuwa ule wa mwanzo ulikuwa umeliwa na mchwa. Mwenye nyumba mwenyewe, Mungu amrehemu, ndiye aliyesema wekeni wenu, utabaki kuwa wenu. Alisema kwa mdomo, wakacheka, wakanywa chai, ikaishia hapo. Mambo mengi ya wapangaji huishia hapo.

"Na wewe ulipokuwa mdogo," akaongeza, "ulikuwa ukipita mbele ya mlango huu mbio, umeshika makalio kwa mikono miwili, ukidhani kuna nesi ndani."

Majirani walicheka wakashikana mabega, na kicheko kile ndicho kilichoharibu shauri zima. Kijana aliacha kuzungusha funguo.

"Basi beba," alisema. "Beba mlango wako, uondoke nao."

Mwanamke mwingine angenyamaza, akakaa chini akangoja mwenyekiti wa mtaa. Mama Pasi akabeba.

Msukuma mkokoteni aliyeitwa alijulikana kwa jina la Tairi, kwa sababu mkokoteni wake ulikwenda kwa magurudumu ya gari, naye akijivunia hayo magurudumu kuliko watu wanavyojivunia watoto. Aliulaza mlango kwanza, juu yake akapanga godoro, sanduku, sufuria, pasi mbili za mkaa na nguo za wateja zilizofungwa kwenye shuka, na juu ya vyote akampandisha bibi, ambaye alisema tangu siku ya harusi yake hajawahi kuinuliwa juu hivyo. Mama Pasi alimwambia Tairi ukweli, kwamba siku hiyo hana kitu mkononi. Tairi akamjibu kwamba yeye hulipwa mzigo ukifika, si kabla.

Walikwenda kwa wifi yake, mtoto wa kike wa yule bibi. Wifi alikuwa na vyumba viwili, mume na watoto wanne, na hakuuliza maswali. Aliweka maji jikoni, akasogeza meza. Tairi aliposhusha mizigo, Mama Pasi alimwambia angoje akamwombe wifi nauli. Tairi akatazama vile vyumba viwili, akatazama vichwa vilivyokuwa mlangoni, akajifuta jasho.

"Ngoja kwanza, dada," alisema. "Hapa hamjafika."

Mama Pasi alimuuliza kama yeye ni msukuma mkokoteni au mpiga ramli. Tairi alicheka, akageuza mkokoteni, akaenda zake.

Kesho yake ndipo mwenyekiti wa mtaa alipokuja kuamua. Kwa wapangaji watatu walioacha milango yao ikiegemea ukuta, aliamuru irudishwe mahali pake na wapewe miezi mitatu ya kutafuta pengine. Alipofikia shauri la Mama Pasi, aliyekuwa amerudi pale na bibi kusikiliza, aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alisema katika mtaa ule jambo hilo linajulikana tangu zamani: aliyefungiwa amefukuzwa, aliyeng'olewa mlango amefukuzwa, lakini aliyebeba mlango wake akaondoka nao, huyo amehama mwenyewe, tena kwa hiari. Angeuacha pale ulipo, angekuwa na miezi mitatu kama wenzake. Mama Pasi aliyasikia hayo akakosa la kusema, jambo ambalo majirani walilizungumza kwa muda mrefu kuliko lile la mlango.

"Nilikuwa nimekaa vizuri tu pale," bibi alimwambia waliporudi. "Ungeniacha niendelee kuwa mlango."

Basi wakaanza kutafuta. Watu wenye nyumba zao hupenda kusema kwamba asiye na pa kulala ni mvivu, au mlevi, au ana mkosi wa kwao. Mama Pasi hakuwa hata kimoja. Alikuwa amepiga pasi kwa zaidi ya miaka ishirini, nguo za manesi, za walimu, za walinzi wa benki, mashati ya watu waliokwenda kuoa na suti za watu waliokwenda kuzikwa. Kazi ilikuwapo. Lakini yeye alilipwa shati kwa shati, na wenye nyumba walitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine ya mwaka, kana kwamba mtu anazaliwa na kodi ya mwaka mfukoni. Juu ya hiyo dalali alitaka chake kwa kukuonyesha chumba tu, uchukue usichukue. Dalali mmoja alimpeleka mpaka chumba ambacho ndani yake mtu alikuwa amelala. Alipoulizwa akasema huyo anatoka muda si mrefu. Kwingine walikubali kodi wakakataa moshi wa mkaa. Kwingine wakakubali moshi wakamkataa bibi, wakisema mzee akifia ndani, chumba hakipangishwi tena. Bibi alisikia hilo kwa masikio yake. Akamwambia mwenye nyumba asiwe na wasiwasi, sura yake yule bwana inaonyesha atatangulia.

Kwa wifi, bibi alilala na watoto, na Mama Pasi alilala chini, kati ya meza na jiko. Shemeji yake, mume wa wifi, alikuwa mwoka mikate na alitoka kabla hakujapambazuka. Ili afike mlangoni ilibidi amruke Mama Pasi. Kila alfajiri alivua viatu alivyokwisha kuvivaa, akapita kwa vidole vya miguu, akavivaa tena nje kwenye baridi. Mama Pasi alikuwa macho kila mara, na kila mara alijifanya amelala. Hakuwahi kumwambia. Lakini katika watu anaowaombea mema, shemeji yule yuko juu kabisa, juu hata ya ndugu zake wa tumbo moja, ambao walipopigiwa simu wote walikuwa na wageni.

Mlango wenyewe haukuingia ndani kwa wifi. Uliegemezwa ujiani, na wapangaji wengine wa nyumba ile wakaanza kulalamika kwamba wanaugonga wakienda chooni. Tairi akaitwa tena. Safari hii aliupeleka kwenye kibaraza cha duka la vipuri vya baiskeli lililokuwa limefungwa, ambalo mwenyewe alimruhusu Mama Pasi kukaa nje bila malipo mradi afagie. Waliulaza mlango juu ya makreti manne, akautandikia blanketi kuukuu na shuka, ukawa meza ya kupigia pasi, na nzuri hasa, kwa upana ule wa machela. Wateja waliopita waliona herufi zikichungulia chini ya shuka na kuuliza kama wapandishe mkono wa shati. Tairi alipoulizwa nauli ya safari mbili, akatazama kibaraza, akasema hata hapo hawajafika, atadai mwishoni.

Mchana mambo yalikwenda. Kilichomsumbua ni swali moja ambalo mlinzi wa benki alimuuliza siku moja akitoa sare zake: nguo za watu zinalala wapi? Hakuuliza kwa ubaya. Lakini mpiga pasi asiye na chumba ni kama benki isiyo na kuta. Jibu lilikuwa kwamba nguo zililala vizuri kuliko mwenyewe: wifi alikuwa amefunga kamba juu ya kitanda cha watoto, na sare za walinzi na magauni ya manesi yalining'inia pale juu ya vichwa vyao usiku kucha. Mama Pasi alimjibu mlinzi kwamba zinalala juu, penye hewa. Haukuwa uongo.

Kisha mwenye nyumba wa wifi akahesabu watu. Akaja jioni moja, akakaa, akakataa chai, na mtu akikataa chai katika nyumba ya watu unajua amebeba neno. Alisema vyumba viwili alivipangisha kwa watu sita, sasa anaona wanane, choo kinajaa. Mwisho wa mwezi awaone saba, la sivyo wote wahame. Alipoondoka wifi alilia kwanza, ndipo akasema lililokuwa dhahiri: mama abaki, ni mama yake mzazi, Mama Pasi atafute hata pa kujibanza peke yake, mtu mmoja hakosi. Alisema kwa aibu. Na Mama Pasi, kwa mara ya pili mwaka ule, alikosa la kusema, kwa sababu wifi alisema kweli, na kwa sababu alijua siku atakapomwacha bibi pale hatamrudisha tena. Mume alikuwa amekufa, watoto hawakujaliwa. Bibi ndiye ukoo wote aliobaki nao.

Aliyezungumza ni bibi.

"Mwanangu alipokufa mlikuja kunichukua nikakataa," alimwambia binti yake. "Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Ni kwa sababu huyu ananijibu. Nikimwambia neno baya ananirudishia. Nyinyi wengine mnaniitikia ndiyo mama, ndiyo mama, kama nimeshakufa. Akienda, nakwenda naye. Kama ni kibarazani, basi nitalala juu ya huo mlango, na wewe utakuja kunitazama huko."

Wifi akacheka katikati ya machozi, akasema mama yake ana kichwa kigumu kama kisiki. Lakini wote watatu walijua kwamba bibi wa umri ule hawezi kulala kibarazani, na kwamba mwezi haukuwa mrefu.

Siku zilizofuata Mama Pasi alipiga pasi kwa hasira hata mkaa ukawa unaisha mapema. Tairi ndiye aliyeligundua hilo. Alikuwa akipita pale kila siku na mifuko ya saruji, akisimama kuomba maji. Akamuuliza mbona leo anayapiga mashati kama yamemtukana. Mama Pasi akamweleza yote, bila kupunguza. Tairi alikunywa maji akamaliza, akasema jambo ambalo alidhani kila mtu analijua. Ile saruji anaipeleka kwenye nyumba moja nyuma ya kiwanda cha mbao, inajengwa mwaka wa nne sasa. Mwenyewe ni mama mmoja anayefanya kazi mbali; akipata kidogo anatuma, wanajenga tofali chache, wanasimama. Bati liko juu, lakini vyumba havina milango wala madirisha, na kila wakisimama wezi wanakuja kunyofoa nyaya. Juzi wameiba hata ngazi. Fundi anasema angepatikana mtu wa kuishi mle, mwenye nyumba angeshukuru.

Mama Pasi alimuuliza kwa nini alikaa na habari kama hiyo kifuani muda wote huo.

"Hukuuliza," alisema Tairi. "Ulikuwa unauliza nauli tu."

Fundi mwashi alikuwa mtu wa maneno machache, aliyependa kusikiliza redio iliyofungwa kwa raba. Alimzungusha Mama Pasi nyumba nzima, akampigia mwenye nyumba simu, akamwachia wazungumze. Yule mama wa mbali alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka na aliyezoea kudanganywa. Aliuliza maswali mengi. Mwishowe alisema atachukua kodi ndogo, ya mwezi kwa mwezi, bila mkupuo, mradi mpangaji alinde vifaa na amalizie chumba chake mwenyewe, na atakachotia kikatwe kwenye kodi. Mama Pasi alimshukuru, kisha akamwambia kwa heshima zote kwamba maneno kama hayo aliwahi kuyasikia kwenye nyumba nyingine yakaishia kwenye chai. Aliomba yarudiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, fundi akisikia. Yule mama wa mbali akacheka, akasema sasa anaamini nyumba itakuwa salama. Mwenyekiti aliitwa, maneno yakarudiwa yote, na mwenyekiti, ambaye bado alikuwa na deni la dhamiri, aliyarudia mara mbili zaidi ya ilivyohitajika.

Likabaki jambo moja. Fremu zote za nyumba ile zilikuwa nyembamba, za milango ya siku hizi, na mlango wa zahanati ulizizidi kwa kiganja kizima. Fundi aliupima mlango, akaupima tena, akaugonga kwa vidole kusikiliza mbao. Mama Pasi alimwambia kwa huzuni kwamba seremala anaweza kuupunguza pembeni, herufi mbili tatu zitakatika, basi. Fundi akatikisa kichwa. Alisema mlango kama ule hatengenezi mtu tena, na kuukata ni dhambi. Akampeleka chumba cha nyuma, ambako bati lilishikwa na nguzo na ukuta wa mbele ulikuwa umefika kiunoni tu. Alizima redio kabisa, jambo ambalo Tairi alisema hajawahi kulishuhudia. Akaondoa tofali za upande mmoja, akatengeneza fremu kwa mbao zilizobaki baada ya kumwaga zege la linta, akaisimamisha kwa timazi, akaendelea kuujenga ukuta kuufuata mlango. Mama Pasi alipouliza amlipe nini, alisema ukuta ungejengwa vilevile, na saruji haijui kushoto wala kulia.

Walihamia kabla mwezi haujaisha. Kona moja ya bati ilivuja, umeme haukuwapo, na madirisha yalizibwa kwa mabati ya zamani na maboksi. Mama Pasi, ambaye hakuna kitu duniani ambacho hajapata cha kukikosoa, aliyatazama hayo yote akasema ni chumba kizuri. Wifi alileta sufuria, shemeji akaleta mikate ya moto akiwa bado na unga kwenye nyusi. Bibi aliingia, akageuka, akaufunga mlango yeye mwenyewe, akaufungua, akaufunga tena. Akakaa kitandani akasema sasa mtu akimtafuta aambiwe ametoka.

Wateja walirudi wote, na mlinzi wa benki akaja na wenzake wawili. Miezi mitatu ya wale majirani wa zamani ilipokwisha, na wao walitoka, na milango haikuwa yao. Mmoja wao, mama muuza mboga mwenye mapacha, alikuja kuuliza vyumba vya mbele. Mama Pasi hakumwambia neno kuhusu siku ile kicheko chao kilipoharibu shauri. Alimpeleka kwa fundi, akampigia mwenye nyumba simu, akamwita mwenyekiti. Mpaka leo ukipita nyuma ya kiwanda cha mbao utakuta vyumba vitatu vina watu na nyumba imekwenda mbele kuliko ilivyokwenda miaka yote minne, kwa sababu kodi ndogo za watu watatu zinanunua saruji kila mwezi, na hakuna anayeiba ngazi mahali ambapo yule bibi amekaa nje.

Siku ile ya kuhamia, Tairi alikuwa wa mwisho kubaki. Alikuwa ameuleta mlango kutoka kibarazani, ameleta vyombo kutoka kwa wifi, na sasa alikuwa akikunja kamba zake taratibu. Mama Pasi alitoka na pesa alizokuwa ameziweka kando shati kwa shati, nauli ya safari zote, akampa mkononi. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, maana alijua atadaiwa na ziada kwa kumngojesha.

Tairi alichungulia ndani. Akaliona godoro limetandikwa, akaziona nguo za wateja zimening'inia kwenye kamba mpya, akamwona bibi amenyoosha miguu. Akachagua noti moja, nyingine zote akamrudishia.

"Ni safari moja tu, dada," alisema. "Ilichukua muda, lakini ni moja."

Mama Pasi alimwambia asimfanyie hisani, yeye si maskini wa kuombewa. Bibi akamwambia kutoka ndani, kwa sauti ya juu, anyamaze aseme asante. Alinyamaza. Kisha akasema asante, na akaisema vizuri, kama mtu anayelaza ukosi wa shati. Tairi akaitia ile noti mfukoni, akainua mikono ya mkokoteni, akaenda kupakia saruji.